Kapsuli, matone na vidonge vya kutafuna: tathmini ya vitamini D3 baada ya miezi 18 ya kuitumia

Tathmini nyingi za vidonge vya vitamini D nilizozisoma kabla sijaanza kuvitumia ziliandikwa na watu waliovimeza kwa siku kumi. Mmoja anasema alijisikia ametiwa nguvu mpya tangu siku ya tatu, mwingine anadai pesa zake zimepotea bure kwa sababu hakuhisi lolote, na wote wawili wameihukumu bidhaa kabla haijaanza kazi. Mimi nimeitumia kwa miezi 18, katika maumbo manne tofauti, huku damu yangu ikipimwa mara nne, na msimamo wangu ni huu: bidhaa hii hupimwa kwa kalenda na kwa maabara, haipimwi kwa mtu kujisikiliza mwili baada ya kila kidonge.

Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Vitamini D inayoingia mwilini, iwe imetengenezwa na ngozi iliyopigwa na jua au imetoka kwenye kapsuli, hupelekwa kwenye ini na kugeuzwa kuwa 25-hidroksivitamini D, ambayo ndiyo akiba inayozunguka katika damu na ndiyo inayopimwa. Figo nazo huigeuza mara ya pili, kidogo kidogo kadiri mwili unavyohitaji, ikawa kalsitrioli, homoni inayouwezesha utumbo kufyonza kalsiamu. Kalsitrioli haikai katika damu zaidi ya saa kadhaa, lakini ile akiba iliyotoka kwenye ini hupungua kwa nusu katika wiki mbili hadi tatu, na kitu kinachoshuka polepole namna hiyo hupanda polepole vilevile. Mtu akimeza dozi ile ile kila siku, kiwango chake hakitulii kabla ya miezi kama mitatu kupita. Anayetangaza muujiza siku ya tatu huenda amelala vizuri usiku mmoja.

Nianze na hali niliyokuwa nayo, kwa sababu bila kuijua hali hiyo msomaji hataweza kupima kama uzoefu wangu unamhusu. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa nikinyanyuka kwenye kiti kifupi kwa kujisukuma na mikono, na ngazi za ghorofa moja nilizipanda nikiwa nimeshikilia ukuta, mapaja yakiwa mazito kana kwamba si yangu. Mgongo wa chini na nyonga viliuma maumivu butu, yasiyo na mahali maalumu, na muundi wa mguu ulikuwa ukiuma hata blanketi likiuegemea. Nilijiambia ni umri, kisha nikasema ni kiti cha ofisini, kisha nikanunua godoro jipya. Daktari aliyenisikiliza kwa makini alifanya jambo moja ambalo wenzake wawili waliomtangulia hawakulifanya: aliubonyeza muundi wangu kwa kidole gumba, akabonyeza na mfupa wa kidari, na niliporuka kwa maumivu aliandika kipimo cha damu.

Kipimo cha kwanza cha ile akiba ya vitamini D kilirudi na nanogramu 9 kwa mililita ya damu, kiwango cha chini sana. Homoni ya tezi za parathiroidi, inayoitoa kalsiamu mifupani damu inapoikosa, ilikuwa juu, na kimeng'enya cha fosfatasi ya alkali kilikuwa juu pia, dalili kwamba mifupa ilikuwa ikitozwa kalsiamu ambayo utumbo umeshindwa kuileta. Pasipo vitamini D ya kutosha, utumbo hufyonza asilimia 10 hadi 15 tu ya kalsiamu iliyo katika chakula, ilhali ukiwa nayo huweza kufikia asilimia 30 hadi 40. Pengo hilo lazima lizibwe kutoka mahali fulani, na ghala pekee ni mifupa. Kwa watoto hali hii huleta matege. Kwa watu wazima, ambao mifupa yao imekwisha kukomaa, mfupa haupindi kirahisi hivyo, ila unakosa ugumu, unakuwa laini na unauma, na misuli iliyo karibu na kiwiliwili, hasa ya mapaja na nyonga, hulegea.

Watu waliosikia habari yangu walishangaa, kwa kuwa meza yangu ya kazi iko dirishani na jua linanipiga nusu ya siku. Nami nilishangaa vilevile, mpaka nilipoelezwa kwamba kioo cha kawaida hupitisha mwanga na joto lakini huzuia karibu miale yote ya urujuanimno aina ya B, ambayo peke yake ndiyo inayoianzishia ngozi kazi ya kutengeneza vitamini D. Nilikuwa naota jua lisilo na faida niliyoitafuta. Ongeza kwamba ngozi yangu ni nyeusi, na melanini huchuja miale hiyo hiyo, hivyo mtu mwenye ngozi kama yangu huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko mwenye ngozi nyeupe ili apate kiasi kile kile; na kwamba nilitoka nyumbani mapema na kurudi jioni, saa ambazo jua liko chini na kivuli cha mtu ni kirefu kuliko yeye mwenyewe, ambapo miale inayotakiwa huwa michache sana.

Kabla sijaingia kwenye bidhaa zenyewe, neno moja kuhusu namba, maana wauzaji huzitumia kuwatia watu hofu. Maabara moja huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita, na ya kwanza ikizidishwa kwa 2.5 hutoa ya pili. Kwa hiyo 9 yangu ingesomeka 22.5 katika maabara nyingine, na nimewahi kuona mtu akishangilia "kupanda" ambako kulikuwa ni kubadili maabara tu. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana mahali pa kuchora mstari. Jopo la Taasisi ya Tiba ya Marekani lilisema mwaka 2011 kwamba nanogramu 20 zinawatosha watu karibu wote na kwamba chini ya 12 ndipo kwenye hatari ya upungufu hasa. Mwaka huo huo Jumuiya ya Endokrinolojia ya Marekani, ya wataalamu wa homoni, iliuita upungufu chochote kilicho chini ya 20, na kutaka watu wavuke 30. Mwongozo wake mpya wa mwaka 2024 umeachana na lengo hilo la 30 na hata haushauri watu wazima wenye afya wapimwe ovyo. Mwenye 24 asiye na dalili yoyote hana sababu ya kukesha. Mwenye 9 anayeshika ukuta kupanda ngazi yuko chini ya mistari yote, na tathmini hii inamhusu yeye zaidi.

Umbo la kwanza nililotumia lilikuwa kapsuli ya yuniti 50,000 (yuniti ni kipimo cha nguvu ya vitamini, nitakieleza mbele), moja kwa wiki kwa wiki nane, iliyoandikwa na daktari. Huu ni utaratibu unaojulikana sana wa kujaza akiba iliyokauka, na kama bidhaa nina machache ya kuulaumu. Kapsuli ni ndogo, haina ladha, haikunisumbua tumbo, na mtu ana siku moja tu ya kukumbuka. Udhaifu wake uko hapo hapo: siku moja ikisahaulika, ni wiki nzima iliyosahaulika. Niliikosa Jumapili ya tatu kwa sababu ya safari, nikaimeza Jumatano, na nikaambiwa hakuna ubaya, mradi nisije nikameza mbili kwa kujilipa deni bila kuuliza.

Ushauri ambao ungepaswa kuchapishwa kwa herufi kubwa kwenye kila kopo, na ambao sikuupata kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya boksi langu, ni kwamba vitamini hii huyeyuka katika mafuta na hufyonzwa vizuri zaidi ikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta. Wiki mbili za kwanza nilizimeza kapsuli zangu alfajiri kwa maji matupu, nikiamini kwamba dawa hupenda tumbo tupu. Mfamasia ndiye aliyenisahihisha, na tangu hapo nimezihamishia kwenye mlo mkubwa kuliko yote wa siku. Si kwamba bila mafuta haifyonzwi kabisa. Hufyonzwa pungufu, na kwa mtu aliyeanzia 9 pungufu hilo lina uzito.

Jambo jingine la kuangalia katika kapsuli za dozi kubwa ni jina lililoandikwa kwa herufi ndogo. Kolekalsiferoli ni D3, ile ile inayotengenezwa na ngozi. Ergokalsiferoli ni D2, inayopatikana kwa kuimulika hamira au uyoga kwa miale ya urujuanimno. Zote mbili hutibu, lakini D3 kwa kawaida hupandisha kiwango cha damu zaidi na kukishikilia kwa muda mrefu zaidi, hasa dozi zinapopishana kwa wiki. Kapsuli za dozi kubwa huuzwa za aina zote mbili, kwa hiyo inafaa kusoma kabla ya kulipa.

Sasa matokeo. Wiki ya kwanza hadi ya nne sikuhisi chochote, na natamani ningekuwa nimeambiwa mapema kwamba kimya hicho ni cha kawaida, maana katika wiki ya tatu nilikaribia kuacha. Wiki ya tano nilitambua kwamba blanketi haliniumizi tena muundi. Kuhusu ngazi, siwezi kutaja siku. Najua tu kwamba kuelekea wiki ya kumi mke wangu ndiye aliyeniambia kuwa nimeacha kushika ukuta. Maumivu ya nyonga yalichelewa kuliko yote, yakaondoka kidogo kidogo kwa karibu nusu mwaka, na hili linaendana na kazi yenyewe, kwa kuwa kujaza akiba ya damu ni jambo la wiki, lakini kuurudishia madini mfupa uliolainika ni kazi ya miezi mingi. Kipimo cha pili, cha wiki ya kumi na mbili, kilikuwa 33. Homoni ya parathiroidi ilikuwa imeshuka lakini bado haijafika mahali pake, ilifika baadaye. Ni haki niseme pia kwamba katika kipindi hicho nilianza kutembea kila siku, kwa hiyo sitaki kuipa kapsuli sifa zote za mapaja yangu.

Kuna watu huuliza kama hawawezi kumaliza jambo hili kwa dozi moja kubwa ya mwaka mzima, iwe sindano au ya kumeza. Wazo linavutia kwa mvivu kama mimi, lakini limejaribiwa na halikuleta heri. Nchini Australia wanawake 2,256 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walishirikishwa katika utafiti ambamo baadhi yao walipewa yuniti 500,000 mara moja kwa mwaka, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba waliopewa vitamini hiyo walianguka na kuvunjika mifupa zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mwili unaonekana kupenda kulishwa kidogo kidogo. Kapsuli ya wiki ndiyo umbali wa mwisho ambao mimi ningekubali kwenda, na hata hiyo kwa wiki chache tu.

Baada ya kujaza akiba, daktari aliniandikia dozi ya kuilinda, yuniti 2,000 kwa siku, na hapo ndipo nilipoachwa sokoni peke yangu. Nilianza na matone. Kwa mtoto mchanga au mtu asiyeweza kumeza kidonge, matone hayana mpinzani. Kwa mtu mzima mwenye haraka yana kero zake: matone ya mafuta hutoka mazito au mepesi kutegemea joto la chumba, moja hukataa kudondoka na lifuatalo huja yakiwa mawili, na jioni moja nilipoteza hesabu nikabaki natazama kijiko nisijue nimeweka manne au matano. Chupa yangu ilidai yuniti 400 kwa kila tone, wakati chupa nyingine niliyoishika dukani, ya ukubwa ule ule, ilikuwa na yuniti 1,000 kwa tone, na ya tatu ilihesabu kwa mililita. Kwangu mimi tone la ziada si kitu. Kwa mtoto mchanga, ambaye anahitaji yuniti 400 tu kwa siku, ni jambo zito, na ndiyo maana mwaka 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba baadhi ya vitonea vinavyouzwa na matone hayo huweza kubeba kiasi kikubwa kuliko hicho. Mzazi asitumie kitonea cha chupa moja kwa chupa nyingine. Nilidumu na matone miezi mitatu.

Vidonge vya kutafuna vyenye kalsiamu ndani yake nilivinunua kwa tamaa ya kuua ndege wawili kwa jiwe moja, na ndiyo bidhaa iliyonivunja moyo kuliko zote. Ladha yake ni ya chaki iliyotiwa sukari. Kila kidonge kilikuwa na miligramu 500 za kalsiamu lakini yuniti 200 tu za vitamini D, maana yake ni kwamba ili nifikie dozi niliyoandikiwa ningetafuna vidonge kumi na kumeza gramu tano za kalsiamu, jambo ambalo hakuna mwenye akili timamu angelifanya. Nilitafuna viwili kwa siku, nikapata choo kigumu kwa wiki kadhaa, na siku nyingi niliviacha kwa kuvichukia. Kipimo cha tatu, katika mwezi wa kumi na moja, kilikuwa kimeshuka hadi 22. Sikuwalaumu waliovitengeneza, kwa sababu bidhaa hiyo ni ya kalsiamu yenye vitamini D kidogo ya kuisindikiza, na boksi lilisema hivyo waziwazi. Mimi ndiye niliyeisoma picha badala ya namba. Mtu ambaye chakula chake kina kalsiamu haba huenda akazihitaji, ila hapaswi kudhani kwamba zitamtoa kwenye upungufu mkubwa.

Kosa lililofuata lilikuwa la hatari zaidi, na linatokana na vipimo viwili vinavyotumika kwenye makopo haya. Yuniti za kimataifa, zinazoandikwa IU, ni urithi wa zama ambazo nguvu ya vitamini ilipimwa kwa athari yake juu ya panya wa maabara. Siku hizi dawa yenyewe hupimwa kwa uzito, na mikrogramu 1 ni sawa na yuniti 40. Kwa hiyo mikrogramu 10 ni yuniti 400, mikrogramu 25 ni yuniti 1,000, na mikrogramu 50 ni zile 2,000 zangu. Nilikwenda dukani na karatasi iliyosema 2,000, nikauziwa kopo lililoandikwa 125 kwa herufi kubwa, na muuzaji, kwa uso mkunjufu kabisa, akaniambia kwamba 125 ni kidogo, kwa hiyo nimeze vinne kwa siku. Yule bwana na mimi wote hatukusoma kwamba zilikuwa mikrogramu. Kila kidonge kilikuwa na yuniti 5,000, nami nikawa nameza 20,000 kwa siku, wakati kikomo kinachopendekezwa kwa mtu mzima asiye chini ya uangalizi wa daktari ni 4,000. Niligundua siku ya tisa, nikisoma kopo kwa kukosa la kufanya. Daktari alinipima kalsiamu ya damu, ikawa ya kawaida, na akanieleza kwamba sumu ya vitamini D huhitaji dozi kubwa kwa muda mrefu kuliko huo. Dalili zake ni kiu isiyoisha, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kigumu, kuchanganyikiwa, na baadaye mawe ya figo, zote zikitokana na kalsiamu kupanda kupita kiasi katika damu. Tatizo la vitamini hii ni kwamba mwili hauwezi kuimwaga ziada yake kwenye mkojo kama unavyofanya kwa vitamini C, huihifadhi.

Hapo ndipo nilipofika kwenye umbo la nne, ambalo ndilo ninalolisifu: kapsuli laini ya kila siku, mikrogramu 25, iliyojazwa mafuta ya mimea na kolekalsiferoli bila nyongeza nyingine. Ni ndogo kama punje ya mahindi, inamezeka kirahisi, haibaki kooni, na mafuta yake yenyewe husaidia kidogo siku ambayo mlo ni mkavu. Nameza mbili. Lebo yake imeandika vipimo vyote viwili, mikrogramu na yuniti, kwa herufi zenye ukubwa sawa, na baada ya yaliyonipata hilo peke yake lingetosha kunishawishi. Ina namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na muhuri wa shirika huru la viwango linalothibitisha kwamba kilicho ndani kinalingana na kilichoandikwa nje. Muhuri kama ule wa USP, shirika la Marekani la viwango vya dawa, una maana, kwa sababu katika nchi nyingi virutubisho havikaguliwi kabla ya kuuzwa kwa ukali unaotumika kwa dawa. Tangu nianze nayo nimekosa siku tatu au nne kwa jumla, kwani kopo hukaa mezani karibu na chumvi, na dozi moja iliyosahaulika haina madhara yoyote.

Ina dosari. Ganda lake ni jelatini, na lebo haikueleza kama imetokana na ng'ombe au nguruwe, jambo ambalo kwa watumiaji wengi si dogo hata kidogo. Niliandikia watengenezaji, wakajibu baada ya wiki mbili kwamba ni ya ng'ombe. Jibu hilo lingekaa vizuri kwenye kopo. D3 yenyewe kwa kawaida hutengenezwa kutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, na asiyetumia chochote kinachotokana na wanyama anaweza kutafuta ile inayotokana na kuvumwani (viumbe kama ukoga vinavyoota juu ya mawe na magome ya miti), ambayo huuzwa katika maganda yasiyo na jelatini. Pia kopo ni kubwa mno kwa vilivyomo: robo tatu yake ni pamba na hewa.

Kipimo cha nne, cha mwezi wa kumi na nane, kilikuwa 34. Hiyo ni moja tu zaidi ya 33 ya kipimo cha pili, lakini ile ilipandishwa na yuniti 50,000 za kila wiki, na hii imeshikiliwa na vidonge viwili vidogo vinavyomezwa bila shangwe. Mifupa hailalamiki. Ngazi ni ngazi tu.

Vile vidonge mseto vyenye D3 pamoja na vitamini K2, magnesiamu, zinki na picha ya mwanariadha sijavitumia, na sina mpango. Mwenye kutumia dawa ya kuzuia damu kuganda ya wafarini asiviguse kabla ya kuongea na daktari wake, kwa kuwa vitamini K huipunguza nguvu dawa hiyo. Vilevile, mwenye ugonjwa wa figo, sakoidosi (ugonjwa wa vivimbe vidogo vya uvimbe mwilini, hasa mapafuni), historia ya mawe ya figo, au anayemeza dawa za presha za kukojosha za kundi la thiazidi, anaweza kupandisha kalsiamu kwa dozi ambayo kwangu ni salama. Kinyume chake, baadhi ya dawa za kifafa, kama fenitoini na karbamazepini, pamoja na rifampisini ya kifua kikuu, huifanya vitamini D itumike haraka, na wanaozitumia wanaweza kuhitaji zaidi ya wengine. Hakuna kati ya haya lililoandikwa kwenye makopo mawili kati ya manne niliyonunua.

Kuhusu madai mengine ya masokoni, nimesoma makopo yanayoahidi moyo imara na kinga dhidi ya saratani. Jaribio la VITAL la nchini Marekani liliwafuatilia watu 25,871 kwa wastani wa miaka zaidi ya mitano, nusu yao wakimeza yuniti 2,000 za D3 kila siku, na halikuona pungufu katika idadi ya waliopata saratani wala mshtuko wa moyo au kiharusi. Uchambuzi wake wa mwaka 2022 haukuona hata pungufu la mifupa iliyovunjika. Wengi wa watu hao hawakuwa na upungufu tangu mwanzo, na hapo ndipo ilipo tofauti kati yao na mimi. Aliyejaa haongezewi. Kama muundi wako hauumi, unanyanyuka kitini bila mikono, na hakuna daktari aliyeona sababu ya kukupima, sioni bidhaa hii itakupa nini ambacho huna.

Kwa waliopungukiwa kweli, naipa kapsuli ya wiki alama 4 kati ya 5 kama mwanzo wa safari chini ya daktari, matone 3 kwa watu wazima na 5 kwa watoto kama kitonea ni sahihi, vya kutafuna 2, na kapsuli laini ya kila siku 4 na nusu. Ile nusu iliyobaki nitaitoa watakapoandika jelatini yao imetoka wapi. Kopo langu la sasa linaisha baada ya wiki tano. Nitanunua lingine la aina ile ile, mikrogramu 25, na safari hii nitasoma lebo nikiwa bado dukani.